Trifles ya Susan Glaspell: wale wanawake wawili wangepanda kizimbani, au nimeisoma vibaya?

#1 Kibatari
Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza kusoma tamthilia ya Mmarekani Susan Glaspell iitwayo Trifles. Ni ya tendo moja, unaimaliza chai haijapoa. Kwa wasioijua: mkulima John Wright amekutwa kitandani amenyongwa kwa kamba. Mkewe Minnie yuko rumande. Kesho yake sherifu, mwendesha mashtaka na jirani aitwaye Hale wanakuja kupekua nyumba, wamefuatana na Bi. Peters, mke wa sherifu, aliyekuja kumchukulia mfungwa nguo, na Bi. Hale. Wanaume wanapanda ghorofani na kuzunguka bandani kutafuta ushahidi. Wanawake wanabaki jikoni. Na huko jikoni, ndani ya kikapu cha ushonaji, wanakuta kiboksi kizuri chenye kanari, ndege mdogo wa kuimba, aliyenyongwa shingo, kaviringishwa kwenye kipande cha hariri. Ndiyo sababu ya mauaji yenyewe, ile ambayo mwendesha mashtaka anaihangaikia tangu asubuhi. Wanakificha. Pazia.

Naona wasomi wanawapigia makofi hawa akina mama. Mimi nasema ni njama. Mtu kafa. Pombe hakunywa, madeni alilipa, na hakuna mstari unaosema alimpiga mkewe. Na huyo Bi. Peters ndiye mbaya zaidi: mchezo mzima anahubiri sheria ni sheria, halafu dakika ya mwisho anageuka. Nipingeni kwa hoja.

#2 Chausiku
Natandika mkeka hapa. Huu uzi utanoga.

#3 Mwalimu Mstaafu
Kibatari, rudi usome ule mstari wa paka. Mwendesha mashtaka anaona tundu la kufugia ndege li tupu, anauliza ndege ameruka? Bi. Hale anajibu, tunadhani paka kamchukua. Jamaa anauliza, kwani kuna paka? Anayejibu ni nani? Bi. Peters. Anasema sasa hivi hayupo, paka wana imani zao, huhama. Na ni huyohuyo Bi. Peters ambaye kurasa chache nyuma alimweleza mwenzake kwamba Minnie hakuwa na paka, anawaogopa, hata paka wa Bi. Peters alipoingia chumbani kwake aliomba atolewe. Kwa hiyo mke wa sherifu amemdanganya mwendesha mashtaka kwa ufasaha kabisa huku mumewe yuko ndani ya nyumba ileile. Hiyo si dakika ya mwisho.

#4 Wakili wa Kijiweni
Tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku: nia ovu na sababu ya kuua. Kwa sheria zetu hizi tulizorithi kwa Mwingereza, upande wa mashtaka halazimiki kuthibitisha sababu. Lakini kesi ikiwa imesimama juu ya ushahidi wa mazingira peke yake, hakuna aliyeona, sababu inakuwa nguzo. Ndiyo maana yule mwendesha mashtaka anasema wazi kwamba juri, yaani lile jopo la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, zinajulikana zinavyokuwa linapokuja suala la wanawake, anataka kitu kimoja cha kushikika. Kitu chenyewe ni ndege.

Sasa mnaomtetea Minnie mnaweza kusema: kughadhibishwa, basi liwe kosa la kuua bila kukusudia. Hapo kuna kikwazo. Ghadhabu inayopunguza kosa lazima iwe ya ghafla, kabla damu haijapoa. Mtu aliyemviringisha ndege kwenye hariri, akamtafutia kiboksi, akasubiri mume alale, akafunga kamba, huyo alipata nafasi ya kupoa. Kile kiboksi kinammaliza mara mbili: kinatoa sababu na kinaua utetezi. Kwa hiyo waliokificha walijua wanachofanya, hata kama hawakusoma sheria.

#5 Kibatari
Wakili asante, unazidi kunisaidia. Mwalimu, uongo wa paka nakubali upo, ila unaongeza kosa, haupunguzi.

#6 Fundi Cherehani
Mnazungumza ndege tu. Mimi ni fundi wa nguo, kilichonishtua ni mishono. Minnie alikuwa anashona mfarishi wa viraka. Vipande vyote vimeshonwa vizuri, mishono midogo, sawasawa. Ghafla kipande kimoja kimeenda ovyo, kama mtu mwingine kabisa ndiye aliyeshika sindano. Bi. Hale anafanya nini? Anafumua ule mshono mbovu na kuanza kuushona upya. Bi. Peters anamuuliza kwa wasiwasi, unafanya nini? Anajibu, mshono mbaya hunikera.

Huo ni ushahidi nao, na ameufuta KABLA ndege hajaonekana. Kwa hiyo Kibatari, kama ni kuwafunga, anza na Bi. Hale na sindano.

Na jambo la pili. Wanaume wanawacheka eti wanajadili kama Minnie alitaka kupitisha mshono mfarishi mzima au kufunga mafundo tu. Mwisho wa mchezo mwendesha mashtaka anarudia swali lile kwa kejeli na Bi. Hale, mkono juu ya mfuko wa koti, anajibu kuwa alikuwa anakwenda kufunga mafundo. Mbele ya sherifu! Mtu aliyekufa kwa kamba! Nilifunga kitabu nikatembea kidogo uani.

#7 Kapuku Msomi
Hii kitu ilianza kama hadithi fupi, A Jury of Her Peers, kisha Hitchcock akaigeuza filamu, tamthilia ikaja baadaye. Hadithi ni bora zaidi.

#8 Mwalimu Mstaafu
#7 umeweka mkokoteni mbele ya punda. Tamthilia ilichezwa kwanza tarehe 8 Agosti 1916 huko Provincetown, Massachusetts, kwenye ghala la samaki lililojengwa juu ya gati na kugeuzwa ukumbi. Glaspell mwenyewe alicheza Bi. Hale, na mumewe, George Cram Cook, akacheza Bwana Hale. Majira hayohayo kikundi hichohicho kilitoa mchezo wa kwanza wa Eugene O'Neill jukwaani. Hadithi ilitoka 1917. Na ile ya Hitchcock ni kipindi cha televisheni, Desemba 1961, katika mfululizo wenye jina lake. Hakuiongoza yeye. Ann Harding ndiye alicheza Bi. Hale.

Kuna pia filamu ya Sally Heckel ya 1980, kama nusu saa hivi, iliyoteuliwa kuwania Oscar upande wa filamu fupi. Na opera ya mtunzi John Bilotta, ilionyeshwa Berkeley, California, 2010.

#9 Kapuku Msomi
Tarehe sawa mzee, hoja yangu ya ubora iko palepale. Hadithi inaanzia jikoni kwa Bi. Hale mwenyewe. Anaitwa ghafla, anaacha unga nusu umechekechwa nusu bado, na roho inamuuma kuacha kazi katikati. Kisha anafika kwa Minnie anakuta sukari nusu imemiminwa, meza nusu imefutwa. Hahitaji mpelelezi. Anajua kuna kitu kilimkatiza mwenzake. Jukwaani hiyo huipati, unaingia moja kwa moja kwenye jiko la watu.

#10 Nahodha wa Mtwapa
Ndugu yangu #9, jukwaani unapata kitu kingine: nyayo za wanaume juu ya dari. Sisi tulicheza hii tukiwa chuo cha ualimu. Mimi nilikuwa sherifu, mistari michache, kazi kubwa kupanda na kushuka ngazi za kubuni na kutembea kwa kishindo nyuma ya pazia. Kila tukikanyaga, wale wanawake wawili wanasimamisha mikono, na ukumbi wote unasimamisha pumzi. Katika kitabu huwezi kusikia mguu wa mtu.

Balaa lilikuwa kiboksi. Maelekezo yanasema Bi. Peters anajaribu kukitia kwenye mkoba wake, hakiingii, anakifungua amtoe ndege, anashindwa hata kumgusa, ndipo Bi. Hale anakipokonya na kukitia mfukoni. Mkoba wetu ulikuwa mkubwa, kikaingia. Dada wa watu akabaki ameduwaa, kiboksi kimezama. Bi. Hale akakivuta tena nje kwa nguvu. Watu walicheka mpaka wakasahau kuna maiti.

#11 Chausiku
😂😂 Nahodha, na ndege mlimtoa wapi?

#12 Nahodha wa Mtwapa
Pamba na kitambaa cha njano. Shingo tuliilegeza kwa uzi. Aliyekaa nyuma kabisa alidhani ni ndizi.

#13 Mama Furaha wa Des Moines
Bandugu, salamu kutoka Iowa. Mimi ni Mkongomani, tuko wengi huku. Sikujua hadithi hii, binti yangu ndiye alipewa darasani, akaniambia mama, hii ni ya hapahapa kwetu. Kweli. Glaspell alizaliwa Davenport, mjini kwenye mto Mississippi, na alikuwa mwandishi wa gazeti hapa Des Moines. Mwaka 1900, mwezi wa 12, mkulima aitwaye John Hossack aliuawa kitandani karibu na Indianola, kusini kidogo ya hapa, ni safari ya nusu saa kwa gari. Aliuawa kwa shoka. Mkewe Margaret alikuwa amelala ubavuni pake na alisema kilichomwamsha ni mlio, kama mbao mbili zimegongwa. Glaspell ndiye aliyeandika habari za kesi ile gazetini, kama makala 26.

Mnabishana juu ya ndege. Mimi nitawaambia juu ya baridi. Ile mitungi ya matunda iliyopasuka kwa sababu moto ulizimika, mimi nimeielewa bila mwalimu. Majira yangu ya kwanza ya baridi huku, mume kazini usiku, watoto shuleni, nje nyeupe tupu, hakuna mtu njiani. Nilikuwa naacha televisheni inaongea lugha nisiyoielewa, nisikie tu mtu. Na mimi nilikuwa na jirani ukutani! Minnie alikaa bondeni, barabara haionekani, hana mtoto, mume hasemi, simu mume kaikataa. Huyo ndege ndiye aliyekuwa anaongea naye. Hakuua kwa ajili ya ndege. Aliua kwa ajili ya kimya kilichorudi.

#14 Fundi Cherehani
Mama Furaha, pole na asante. #13 inafaa kubandikwa juu.

#15 Kibatari
Mama Furaha nakuheshimu, lakini wapweke ni wengi na hawanyongi watu. Halafu umenipa silaha: kesi ya kweli ni shoka, watoto na mahakama. Glaspell alibadilisha ili tumhurumie. Huo ni ujanja wa mwandishi.

#16 Wakili wa Kijiweni
Alibadilisha mengi. Hossack walikuwa na watoto tisa, Minnie hana hata mmoja. Kwenye kesi ya kweli shoka lilipatikana nyumbani kwao, na utetezi ukasema damu ni ya bata mzinga aliyechinjwa kwa sikukuu. Margaret alitiwa hatiani Aprili 1901, kifungo cha maisha. Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo ikaitengua hukumu mwaka 1902, na moja ya hoja ilikuwa jinsi ushahidi wa nywele ulivyopokelewa. Kesi ikarudiwa 1903 katika wilaya nyingine, mjini Winterset, juri ikashindwa kukubaliana. Hakushtakiwa tena.

Na zingatieni: juri zote mbili zilikuwa za wanaume watupu, Iowa ya wakati ule haikumruhusu mwanamke kukaa humo. Kichwa cha ile hadithi, juri ya wenzake, kinapiga hapo. Kwetu hakuna juri, tulizoea wazee wa baraza ambao jaji hafungwi na maoni yao, na Kenya waliwaondoa 2007. Kwa hiyo msomaji wetu hulikosa lile shambulio, anaona ni umbea wa jikoni.

#17 Mzalendo Halisi
Winterset si ndiko alikozaliwa John Wayne, yule wa filamu za kauboi?

#18 Kapuku Msomi
Ndiko, 1907. Lakini John Wayne angeingia jiko la Minnie angetafuta bunduki tu, sawa na hao wanaume wengine.

#19 Mzalendo Halisi
Nimekulia kwenye mabanda ya video, msiniguse Wayne. Ila umenikumbusha: ndani ya nyumba bunduki ILIKUWEPO. Bi. Hale mwenyewe anasema mumewe haelewi kwa nini haikutumika. Na Bi. Peters anasema ni namna ya ajabu kumuua mtu, kuandaaandaa kamba vile. Mwanamke mmoja amfunge kamba mume aliyelala, asishtuke? Mimi namshuku Hale. Alikuwa anapita na shehena ya viazi, eti kaingia kuzungumzia simu ya kushirikiana na Wright ambaye alishaikataa. Asubuhi na baridi ile?

#20 Chausiku
Viazi vimekuwa ushahidi wa mazingira 😂

#21 Mwalimu Mstaafu
Cheka, lakini #19 amegusa kitu. Hakuna mahali Minnie anakiri. Hata jukwaani hatokei. Tunaambiwa alikuwa kwenye kiti cha kubembea anakunjakunja aproni, akasema Wright hawezi kuonekana kwa sababu amekufa, na kwamba yeye alilala upande wa ndani wala hakuamka, usingizi wake ni mzito. Yote kwa mdomo wa Hale. Wanawake wanaunganisha mshono, ndege na kamba, wanafika kwenye jibu. Ni jibu zuri. Lakini hata wao hawalitamki kwa sentensi kamili.

Hata kwenye kesi ya kweli wapo waliomtazama jirani kwa jicho la shaka.

#22 Fundi Cherehani
Kamba badala ya bunduki: shingo kwa shingo. Alivyomfanya ndege ndivyo alivyofanywa. Sioni ugumu.

#23 Kibatari
Na nani kasema John ndiye aliyemnyonga ndege? Hakuna aliyeona hilo pia. Mlango wa tundu umeng'oka bawaba, basi, mmeshamhukumu marehemu.

#24 Nahodha wa Mtwapa
Aliyeng'oa bawaba ni mtu mwenye hasira na mkono mzito. Paka hakuwepo. Nyumba ina watu wawili. Toa mmoja.

#25 Kibatari
Mke naye huwa na hasira. Angekuwa amemuua mwenyewe kwa wazimu kisha akajuta, hariri ingeeleweka vilevile.

#26 Mama Furaha wa Des Moines
Baba, wewe huyo John ni shemeji yako?

#27 Nyota ya Kusini
Nimefuatilia kimya tangu ukurasa wa kwanza. Kinachonisumbua ni Bi. Hale, na sidhani alificha ndege kwa ajili ya haki. Mara ngapi anasema laiti ningekuja kumtembelea? Alikuwa jirani, anamkumbuka Minnie Foster wa kwaya, yaani Minnie kabla hajaolewa, na gauni jeupe lenye riboni za buluu, miaka thelathini nyuma, na hakuja kwa sababu nyumba haikuwa na furaha. Anasema kabisa kwamba hilo nalo ni kosa la jinai, nani ataliadhibu? Anayeficha kiboksi analipa deni lake mwenyewe. Nina shangazi aliolewa mbali, kwenye nyumba ambayo sote tulijua haikaliki. Hakuna aliyekwenda. Alipofariki tulijaza mabasi mawili. Sitaki kuendelea.

Bi. Peters ni hadithi nyingine. Yeye alipoteza mtoto wake wa kwanza wa miaka miwili huko Dakota, mahali pa upweke, na utotoni mvulana alimuua paka wake mdogo kwa kishoka mbele ya macho yake. Anasema wasingemshika, angem— halafu anakatisha. Naona lile shoka la Hossack halikupotea, Glaspell alilihamishia pale.

#28 Wakili wa Kijiweni
Hiyo ya kishoka sijawahi kuiona ikisemwa. Naichukua.

Nami niongeze ya kesi: mke wa sherifu wa kweli alikaa karibu na Margaret mahakamani, na Glaspell aliripoti kwamba alionekana mara kwa mara akijifuta macho kwa leso. Na makala zake za mwanzo zilimchora Margaret kuwa mwanamke baridi, mwenye nguvu. Baada ya kwenda shambani kwao sauti ikalainika. Hukumu ilipotoka aliacha kazi ya gazeti. Miaka kumi na mitano baadaye, Cook anamwambia tumetangaza mchezo wako, yeye hana mchezo. Akaenda kukaa mbele ya jukwaa tupu mpaka, kwa maelezo yake, likageuka jiko.

#29 Kibatari
Basi tukubaliane alikuwa na hatia ya makala zake, akaandika kujisafisha.

#30 Mwalimu Mstaafu
Hatukubaliani. Mtu akitaka kujisafisha angemwandikia Margaret hukumu ya kumwachia huru. Huyu katuachia kesi haijaanza.

#31 Kapuku Msomi
Kurudi kwenye matoleo: ni lipi mngempa mtu anayeanza? Mimi hadithi kwanza, kisha filamu ya Heckel, kwa sababu ina subira, kamera inakaa kwenye vyombo. Televisheni ya 1961 ni nzuri ila ukiona jina la Hitchcock unasubiri mtu aruke kutoka kabatini.

#32 Nahodha wa Mtwapa
Jukwaa kwanza. Na ukiicheza, usithubutu kumleta Minnie. Kuna kikundi nilikiona kilimweka pembeni kwenye kiti cha kubembea, anaimba. Ukimwona tu, shauri limekwisha, unamhurumia au unamwogopa. Nguvu yote iko kwenye aproni na shali alizoomba aletewe rumande, na yeye hayupo.

#33 Nyota ya Kusini
Ila opera huwapa wanawake sauti ya kuimba, na Minnie ndiye aliyekuwa mwimbaji. Wanaimba juu ya mtu aliyeacha kuimba. Hilo mimi linanivutia kuliko kamera.

#34 Mzalendo Halisi
Jamani, mbona hakuna anayemhoji Harry, kijana wa Hale? Baba yake alitaka kuitoa ile kamba shingoni. Nani kamzuia, akasema huyu kafa, tusiguse kitu? Harry. Kijana wa shamba, 1916, anajua kulinda eneo la tukio?

#35 Chausiku
Mods, huyu afunguliwe uzi wake.